Mtu Aliyefyeka Mafunjo

Nilimfahamu Mwangalizi kwa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akiloweka mguu ziwani. Alipewa kazi ya kutunza nyumba ya wageni iliyokuwa hatua chache tu kutoka majini, lakini yeye alioga kwenye beseni, chumbani, mlango umefungwa. Akipita ufukweni alipita juu, penye majani, ameinua pindo la suruali yake ya kaki kana kwamba mchanga una ugonjwa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa ziwa letu alitengeneze.

Jina lake nalijua. Siliandiki kwa sababu hata yeye hakupenda kuitwa kwa jina. Alitaka aitwe Mwangalizi, na sisi tuliokuwa chini yake, yaani mimi dobi, mpishi, na wafyekaji wawili, alitaka tumwamkie kila asubuhi kwa "Kaboneka, waitu," salamu ambayo sisi Wahaya tunamwekea Omukama, mfalme wetu, si mtu wa kugawa mashuka. Mpishi alimwamkia hivyo huku akigeuzia uso kwenye moshi apate kucheka vizuri. Mimi nilimwamkia kwa sauti ya kawaida, maana nilikuwa mjane na sikutafuta maneno na mtu.

Nyumba yenyewe ilijengwa na mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa, baada ya vita vya Hitler, chini ya majabali upande wa Muleba. Barabara haikuwepo. Wageni walikuja kwa mashua kutoka Bukoba, safari ya kutwa nzima upepo ukikataa, au waliteremka kwa miguu kutoka Kamachumu kwa njia ya mawe ambayo hata mbuzi huifikiria kwanza. Walikuja kupumzika. Sikuwahi kuelewa wamechoshwa na nini, lakini niliwafulia, na mashuka ya mtu anayepumzika huchafuka kama ya mtu mwingine yeyote.

Mahali palikuwa pazuri, hilo lazima niliseme kabla sijaanza kumsema mtu. Nyuma ya nyumba yalisimama majabali ya rangi ya kutu, na katikati yake maji membamba yakiteremka mwaka mzima, mvua iwepo isiwepo. Mbele palikuwa na mchanga, kisha mafunjo. Mafunjo yale yalianzia kwenye mwamba ulio kando ya nyumba, yakafuata ukingo wa ziwa mpaka kwenye bandari ndogo ya wavuvi wetu, marefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Humo ndani ndege aina ya kwera walifuma viota vyao kwa mamia. Samaki wadogo walikulia humo, viboko walilala humo mchana kutwa, na fisi maji walitoka humo jioni na watoto wao. Upepo wa kusini ukivuma, mawimbi tuliyasikia yakijipiga huko nje kwa hasira, lakini yakishapita katikati ya mafunjo yalifika kwetu yamechoka, yakalamba mchanga na kurudi.

Nyuma ya mafunjo hayo ndipo tulipokuwa na vibanja vyetu, yaani mashamba yetu ya migomba, sita kwa jumla. Changu kilikuwa cha kwanza, kinapakana na nyumba ya wageni. Nasema changu kwa mazoea tu. Kilikuwa cha mwanangu Mugisha, aliyekuwa na miaka minne baba yake alipofariki, na baba yake tulimzika humohumo, katikati ya migomba yake, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilikishika tu mpaka mtoto akue. Kila Mhaya anajua hali ya mjane: kibanja kikiwepo na mtoto akiwepo, wewe ni mama mwenye nyumba. Kibanja kikiondoka, wewe ni mgeni kwa shemeji zako, na mgeni hupangiwa mahali pa kulala. Kwa hiyo nilikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kulinda, na nilikuwa nakilinda.

Sasa, Mwangalizi. Yeye aliutazama uzuri wote huo akaona uchafu. Alikuwa na msemo aliourudia mpaka wafyekaji wakawa wanaumaliza kwa niaba yake: "Kichaka ni uchafu uliosimama." Mti uliojiotea ulikuwa uchafu. Mwamba wenye kuvu ulikuwa uchafu mpaka upakwe chokaa, na kweli aliipaka chokaa miamba yote ya ufukweni ambayo mkono wa mfyekaji uliweza kuifikia, hata ule ambao mnandi hukaa kuanika mabawa yao. Mnandi walirudi kukaa palepale, wakaendelea na haja zao, na baada ya mwezi hakuna aliyeweza kuonyesha chokaa inaishia wapi na kinyesi kinaanzia wapi.

Ndege wote aliwaona watovu wa adabu. Furukombe alimwita mlevi, kwa kuwa hulia alfajiri bila kujali nani amelala. Fundichuma, ambaye kwetu hata mtoto mtundu hamrushii jiwe, alimkasirikia kwa ajili ya kiota chake kikubwa kilichojaa takataka juu ya mti wa nyuma. Akaamuru kishushwe. Wafyekaji walikataa, mpishi alikataa, mimi hakuniuliza. Akapanda mwenyewe na viatu vyake vya ngozi, tawi likamrudisha chini, akachechemea mwezi mzima. Watu wakasema waliyosema. Fundichuma aliongeza vijiti vingine kwenye kiota, akazaa.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha mgeni wa darubini. Habari ilikuja kutoka Bukoba kwamba anakuja mzungu mkubwa, mtu mpole, anataka kukaa wiki nzima kwa utulivu. Neno utulivu likamwingia Mwangalizi kichwani. Kesho yake asubuhi aliwatuma wafyekaji na miti mirefu wakapige viota vyote vya kwera vilivyo karibu na nyumba, maana kwera ni ndege wa makelele. Wakapiga tangu asubuhi mpaka saa za chakula. Mayai madogo ya samawati yalielea ukingoni, na kenge wakaja kula karamu yao. Mzungu akafika jioni, mwembamba, kofia kubwa, darubini shingoni. Siku tatu alikaa barazani akitazama mafunjo matupu, anaandika kitu kidogo kwenye daftari, anafuta. Siku ya nne alimuuliza mpishi, kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu, kwamba ameambiwa hapa pana kwera wengi kuliko mahali popote pa ziwa, je, wamehamia wapi? Mpishi akamwelekeza kwa Mwangalizi. Mwangalizi akasimama wima, akasema, "Bwana, tumewaondoa kwa ajili yako." Mzungu yule aliondoka na mashua iliyofuata, na Mwangalizi akatuambia ameondoka kwa sababu mpishi alizidisha chumvi.

Alipenda kusema pia kwamba mgeni haji kuangalia nyasi, nyasi ziko hata Ulaya. "Ulaya ulikwenda lini, Tata?" mpishi alimuuliza siku moja, akimwita baba kwa Kihaya. "Nimeona picha," akajibu. Na mtu huyohuyo, aliyejua kutoka kwenye picha kwamba Ulaya kuna nyasi, ndiye aliyepanda bustani ya ukoka kutoka barazani mpaka majini, akaumwagilia maji na kuukata kwa mkasi mpaka ukawa laini. Mzee mvuvi, jirani yangu wa kibanja cha pili, alisimama akautazama ukoka ule, akaniambia kwa Kihaya kwamba yule bwana amewaandikia viboko barua ya mwaliko. Haikupita wiki. Asubuhi tulikuta bustani imenyolewa vizuri kuliko kwa mkasi, nyayo kama vyungu zimepangana kuelekea ziwani, na mawe ya njia aliyoyapaka chokaa yametiwa rangi nyingine kwa kinyesi. Memsabu mmoja aliyekuwepo aliuliza ni mnyama gani. "Ng'ombe, memsabu," akasema Mwangalizi. Memsabu akavua kofia yake, akaiweka ndani ya unyayo mmoja. Kofia ikaingia yote. Akamtazama Mwangalizi, na Mwangalizi akasema ng'ombe wa huku ni wakubwa.

Nimecheka naye hivyo miaka mingi, yaani nimemcheka. Sasa niseme na mengine, maana mtu akisemwa upande mmoja tu msikilizaji ataanza kumhurumia.

Alikuwa Mlutheri wa kuimba sauti ya chini, na imani za kishenzi alizikemea mchana kweupe. Mzee mvuvi akitajataja Mugasha, mwenye ziwa wa wahenga wetu, Mwangalizi alimkatiza na aya. Lakini mimi hufika kufua mapema kuliko watu wote, na zaidi ya mara moja, asubuhi ya upepo mkali mashua ya wageni ikisubiriwa, nilimkuta amesimama juu ya mwamba anamimina rubisi, pombe yetu ya ndizi, ziwani kutoka kwenye kibuyu kidogo, midomo inamchezacheza. Nilikohoa. Akasema anaosha kibuyu.

Na kuna hili, ambalo siwezi kulifuta hata nikitaka. Mugisha alipokuwa na miaka sita alipata homa ya kumkakamaza shingo. Wanaume wa vibanja vyetu wote walikuwa majini. Mwangalizi alisikia kilio changu akaja, amevaa kaki yake iliyopigwa pasi na mimi mwenyewe, akamtwaa mtoto, akamfunga mgongoni kwa shuka la wageni kama mwanamke, akapanda naye njia ile ya majabali mpaka kwa wauguzi wa Kamachumu bila kutua hata mara moja. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimfuata kwa magoti na mikono. Waliniambia tungechelewa kidogo tu mtoto angeenda. Aliporudi chini hakutaja jambo hilo tena, isipokuwa kwamba shuka lile lilirudi na madoa na nilifue vizuri.

Kwa hiyo nilikuwa na deni kwake, na deni la uhai wa mtoto halina siku ya kulipwa. Labda ndiyo sababu nilikaa kimya nilipopaswa kusema. Labda ni sababu nyingine, nitaieleza.

Ilianza kwa maneno ya mwenye nyumba, yule mzungu wa kahawa. Siku moja amekaa barazani na glasi yake, alisema tu, kama mtu anavyosema leo kuna joto, kwamba ingependeza kama mtu angeliona ziwa akiwa ameketi. Akanywa, akasahau. Mwangalizi hakusahau. Kesho yake wafyekaji wakaingia mafunjoni na mapanga, wakafungua kama dirisha mbele ya baraza. Na kweli ziwa likaonekana, la samawati, na visiwa vyake mbali, na mgeni wa kwanza aliyelala hapo baada ya hapo akaandika katika kitabu cha wageni maneno ya kusifu mandhari. Mwangalizi alimwomba karani mmoja aliyepita na mashua amsomee maneno hayo kwa Kiswahili mara mbili. Tangu siku hiyo dirisha lilikuwa linapanuka. Mwezi hadi mwezi wafyekaji walisogea, kwanza mpaka mwisho wa bustani, halafu mbele ya kibanja changu, halafu mbele ya kibanja cha mzee mvuvi.

Sasa msomaji ambaye si wa kwetu atauliza, mlikuwa wapi ninyi watu sita wenye vibanja? Tulikuwepo. Tulikuwa tunapokea.

Kwetu mgomba hautunzwi kwa jembe, unatunzwa kwa nyasi. Unakata nyasi, unazitandaza chini ya migomba zishike unyevu na kuoza polepole, na kibanja kilichotandazwa vizuri hutembei ndani yake bila kuona raha miguuni. Mwanamke mwenye kibanja cha namna hiyo huingia kanisani shingo imenyooka. Lakini nyasi zenyewe sisi watu wa ufukweni tulizifuata juu ya majabali, kwenye rweya, uwanda wa nyasi, na kuteremka nazo kichwani magoti yakitetemeka. Mhaya akiona jani lolote limekatwa, kabla hajauliza limekatwa wapi na kwa nini, moyo wake umeshalitandaza. Mwangalizi alikuwa Mhaya kama sisi. Aliwaambia wafyekaji kila mzigo wa mafunjo upelekwe kwenye vibanja, bure, mpaka mlangoni.

Mimi nilipata mingi kuliko wote. Wengine wakipata mizigo minne, mimi nilipata kumi. Nikasema moyoni, kumbe ana huruma na mjane, na majivuno yake yote. Nilitandaza mpaka udongo haukuonekana tena, na kaburi la mume wangu nikalizungushia mafunjo mabichi likapendeza. Mwaka ule migomba yangu ilizaa mikungu ya kuegemezwa na miti miwili. Watu walikuja kutoka juu kuitazama.

Mzee mvuvi peke yake ndiye aliyekataa mizigo yake. Alisimama kwenye mpaka wetu akinitazama nikitandaza.

"Mwanangu," akasema, "huo unaoutandaza ni ukuta wa nyumba yako."

"Ukuta gani, Tata? Haya ni majani."

"Haya. Ni majani," akasema, akaenda kushona nyavu zake.

Niliona mzee ana wivu na mikungu yangu. Nasema wazi kwa sababu nimekwisha kumdharau mtu mwingine kwa kurasa hizi zote, na si haki nijiache nje.

Mwaka wa pili mchanga mbele ya nyumba ya wageni ulianza kupungua, mawe yakachomoza. Samaki wadogo hatukuwaona tena, na viboko, walipokosa pa kulala, walihamia ng'ambo ya bandari wakawa wanapita katikati ya vibanja vyetu kwenda malishoni. Mwaka wa tatu ziwa likaingia kwenye safu ya kwanza ya migomba yangu. Mawimbi hayakuwa yanalamba tena, yalikuwa yanachimba. Kila upepo wa kusini ulipotulia nilikwenda kuhesabu hatua kutoka majini mpaka kaburini, na kila mara hatua zilikuwa pungufu.

Nikamwendea Mwangalizi. Alikuwa barazani anakagua mishumaa.

"Kaboneka, waitu," nikaanza. "Ziwa limeingia kwenye kibanja cha Mugisha. Nakuomba uwaambie wafyekaji wayaache yaliyobaki."

"Mama Mugisha, ziwa lina tabia zake. Linakuja, linarudi. Hata babu zako waliliona hivyo."

"Babu zangu waliliona likiwa na mafunjo."

Akaweka mishumaa chini. "Mwezi ujao kuna wageni wanatoka Mwanza, familia mbili. Niwaonyeshe nini? Majani?"

"Baba yake mtoto amelala pale, waitu. Wewe unapajua."

Akasema, kwa sauti ya upole ambayo sikuizoea, "Nitakuletea mizigo mingine ya kutandaza. Migomba ikiwa na nguvu itashika udongo."

Na mimi, Mungu anisamehe, niliipokea. Nilitaka sana iwe kweli. Niliitandaza kwa mikono yangu kuzunguka kaburi, safu juu ya safu, kana kwamba ziwa lingeona kazi nzuri na kuona haya.

Msimu wa mvua uliofuata, asubuhi, nikiwa napiga pasi, nilisikia sauti isiyo ya wimbi wala ya ngurumo. Nilipofika, migomba yangu ilikuwa inaingia majini imesimama, mmoja baada ya mwingine, na mikungu yake. Ukingo ulikuwa unakatika vipande vikubwa kama mtu anakata mkate. Mafunjo niliyoyatandaza yalikuwa yanaelea juu ya maji, yamerudi yalikotoka. Mugisha alikuwa amenishika nguo. Tulisimama pale mpaka mahali alipolala baba yake pakaondoka, na sikuweza kufanya lolote, wala kulia sikuweza. Shemeji zangu walifika kutoka Ijumbi siku mbili baadaye na majembe ili wahamishe mifupa. Waliyakuta maji.

Kikao cha ukoo hakikuwa kirefu. Mtoto alipewa kipande kule Ijumbi, pembeni, kwenye udongo mwembamba wa rweya ambapo mgomba hununa. Mimi nilimfuata mtoto. Nilipangiwa mahali pa kulala.

Ya nyumba ya wageni nilisimuliwa. Ilijengwa juu ya mwamba, kwa hiyo ilibaki imesimama, na mandhari ikawa kama Mwangalizi alivyoitaka, ziwa tupu kutoka barazani mpaka visiwani. Lakini ufukwe ulikuwa umekwisha, yamebaki mawe makali na ukoka uliokatika katikati. Hakuna mzungu anayetoka Bukoba kwa mashua kuja kuogelea juu ya mawe. Mwenye nyumba alipigilia misumari milango, na Mwangalizi akaondoka na sanduku lake.

Miaka iliyofuata nilimfanya kuwa mchezo wangu. Wanawake wa Ijumbi wakikusanyika kumenya ndizi waliniomba niwasimulie Mwangalizi, na mimi niliwasimulia: chokaa ya mnandi, ng'ombe wa kofia, kwera walioondolewa kwa ajili ya bwana. Niliigiza jinsi alivyoinua pindo la suruali. Walicheka mpaka visu vikaanguka. Nilimalizia kila mara kwa kusema, mjinga akipewa kisu hukata kamba aliyoning'inia, na wengine pamoja naye. Hivyo ndivyo nilivyolimeza lile jambo. Mwenye hasira na mtu mwerevu halali, lakini mjinga unaweza kumcheka ukalala.

Nilimwona tena mara moja. Bendera ya Mwingereza ilikuwa inakaribia kushushwa, Mugisha alikuwa kijana anayesoma mbali, na mimi nilikuwa uani mchana, naanika nguo juani. Akaingia mzee na fimbo. Sikumtambua mpaka alipoinua pindo la suruali avuke kijito cha maji ya kufulia. Kaki ilikuwa imepauka na kola imegeuzwa. Alisema alikuwa akipita kwenda kwa ndugu zake, akasikia nakaa hapa.

Nikamkaribisha. Nilimletea kiti na akamwani, zile tembe za kahawa tunazompa kila mgeni atafune, kwa sababu mgeni ni mgeni. Nikaketi mkekani, tukaulizana habari za watu. Mzee mvuvi alikuwa amefariki. Mpishi alikuwa Bukoba. Mwangalizi alimuulizia Mugisha, nikamwambia yu mzima na anasoma, akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli, naiandika kama nilivyoiona. Nilikuwa hata nimeanza kumhurumia kwa jinsi alivyotafuna kahawa upande mmoja wa mdomo.

Halafu akasema, "Mama Mugisha, nimekuja kusema kitu. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ziwa. Mwaka uleule wa kwanza nilijua. Nilichomeka vijiti mchangani, mbele ya kibanja chako, nione kama maneno ya yule mzee ni kweli. Kila mwezi ziwa lilikula kijiti. Nikavichomoa vilivyobaki, watu wasivione."

Aliendelea, akitazama fimbo yake. Alisema wageni walimsifu. Alisema mtu anasifiwa mara ngapi katika maisha yake. Alisema alifikiri labda lingekoma lenyewe.

"Na mizigo ile?" nikamuuliza. "Wengine uliwapa minne. Mimi ulinipa kumi."

Akatia tembe nyingine ya kahawa mdomoni.

"Chako kilikuwa cha kwanza kuliwa," akasema. "Nilijua wewe ndiwe utakayekuja kulalamika mapema. Mtu ukimpa, hanyanyui sauti."

Jua lilikuwa kali juu ya nguo zangu. Nilifikiri jinsi nilivyojisifu kwa mizigo ile, mjane aliyehurumiwa, na jinsi nilivyoipanga juu ya kaburi. Nilifikiri na miaka yote niliyowachekesha watu kwa ajili yake. Nilikuwa nimemfanya mjinga, kumbe nilimfanyia hisani.

"Sasa nimekuwa mzee," akasema. "Nimeona nisife nalo. Nakuomba unisamehe, mama."

"Mjinga ningemsamehe," nikamwambia. "Nilikuwa nimekwisha kumsamehe."

Akaelewa. Akaiweka kahawa iliyobaki chini, akaishika fimbo yake, akainuka kwa taabu. Kwetu mgeni akiondoka unainuka naye, unamsindikiza mpaka njia panda, hata akiwa mtu usiyempenda, hata akiwa amekuja kukudai. Alisimama kidogo akiningoja.

Nilibaki nimeketi.